Kabla hujauza baiskeli mbovu kwa kilo, toa kwanza dainamo na spoku

Jamaa wa vyuma chakavu unamsikia kabla hujamwona. Huku Zuzu, nje kidogo ya jiji la Dodoma, anapita asubuhi na mkokoteni, anaita, anatundika mzigo wako kwenye mizani, anakupa noti mbili tatu, safari inaendelea. Mwezi uliopita alisimama mlangoni kwetu. Ilikuwa zamu ya Foniksi ya mzee, iliyolala nyuma ya jiko tangu bodaboda zianze kubeba kila kitu.

Mama alishaamua. "Hiyo inafuga nge tu, mwanangu, iondoke." Nikamwomba jamaa anipe nusu saa, nikakimbia kuazima spana kwa jirani.

Mwishowe alichopima ni madigadi mawili, kava la cheni na ringi ya mbele iliyopinda kama chapati. Tena ringi yenyewe haikuwa na spoku hata moja, nilishazitoa. Hakufurahi, lakini alilipa.

Ubaya wa kuuza kwa kilo ni kwamba mizani haijui tofauti. Dainamo nzima na kipande cha bomba lenye kutu vinalipwa sawa. Kumbe hiyo dainamo, ukiwa na vifaa vichache vya kuokoteza, inaweza kukuchajia simu shambani, kukuwashia taa na kukuchezeshea redio. Twende taratibu.

Kidude kinachosugua tairi

Baiskeli nyingi za zamani, Foniksi, Swala, Avon, zilitumia taa ya mbele iliyowashwa na dainamo. Ni kile kidude chenye umbo la kichupa kilichofungwa kwenye fremu, chenye kichwa kidogo cha mikwaruzo. Ukikibonyeza kinaegemea ubavu wa tairi. Tairi likizunguka, nacho kinazunguka.

Ndani hakuna maajabu. Kuna sumaku inayozunguka, na pembeni yake kuna koili ya waya mwembamba wa shaba. Sumaku ikipita mbele ya shaba, umeme unasukumwa kwenye waya. Mitambo ya Mtera na Kidatu inafuata kanuni hiyo hiyo. Kule maji ndiyo yanayosukuma, hapa ni miguu yako.

Dainamo nyingi za baiskeli zimeandikwa volti 6, wati 3. Gawanya wati kwa volti, unapata nusu ampea. Chaja za kizamani za simu ndogo zilitoa kiasi kinachokaribia hapo, na ndiyo maana mpango huu unafanya kazi.

Kujua kama dainamo ni nzima, funga balbu ya volti 6 ya taa ya baiskeli, waya mmoja kwenye skrubu ya chini ya dainamo na mwingine kwenye mwili wake wa chuma. Zungusha gurudumu. Ikiwaka, una mali. Isipowaka, kwanza tia tone la mafuta ya cherehani kwenye shingo ya kile kichwa kisha ujaribu tena, maana nyingi hazijafa, zimekwama tu kwa vumbi. Na vumbi la Dodoma tunalijua.

Kuna mtu atauliza: Zuzu si ndiko kwenye kituo kikubwa cha kupozea umeme? Ndiyo, na hapo inapita laini kubwa ya Iringa, Dodoma, Singida hadi Shinyanga, kilomita 670. Lakini umeme kupita juu ya shamba lako si sawa na kuwa na soketi shambani. Msimu wa uwele ukifika, mtu anayelala shamba kufukuza kwelea kwelea hana pa kuchomeka chaja. Simu ikizima, hela iliyomo ndani nayo imezima, na nyumbani hawajui kama umelala salama.

Usiunge simu moja kwa moja

Hapa ndipo wengi tunapounguza. Nasema tunapounguza kwa sababu na mimi nimo. Nikiwa kidato cha pili nilikata waya wa chaja ya kitochi cha dada yangu, nikaufunga kwenye dainamo, nikakanyaga pedeli kama nakimbizwa. Kioo kiliwaka mara moja, kikazima, kitochi hakikuamka tena. Dada alinidai miaka miwili.

Nilikosea mambo mawili kwa mpigo.

La kwanza, umeme wa dainamo unakwenda na kurudi. Upande wa sumaku unaopita mbele ya koili ukibadilika, umeme nao unageuka na kukimbilia upande mwingine, mara nyingi kwa sekunde moja. Balbu haijali hilo. Simu inajali sana, kwa sababu betri inataka umeme wa upande mmoja tu, chanya ibaki chanya na hasi ibaki hasi.

La pili, zile volti 6 ni za dainamo ikiwa na taa yake, kwa mwendo wa kawaida. Ukiondoa mzigo halafu ukashuka mlima kwa kasi, volti zinapanda hadi 20, 30 na zaidi. Simu inataka volti 5. Fikiria mwenyewe.

Vifaa, na wapi pa kuvipata

Unahitaji dayodi nne zilizoandikwa 1N4007. Ni vijipipa vyeusi vidogo vyenye mstari mweupe upande mmoja, na vimejaa kwenye bodi za redio na chaja zilizokufa. Unahitaji kapasita moja, hicho kikopo kidogo chenye miguu miwili, ya maikrofaradi 1000 au 2200, iliyoandikwa volti 50. Ya volti 16 usiiweke, itavimba na kupasuka. Halafu unahitaji chaja ya gari, ile inayochomekwa kwenye shimo la kuwashia sigara na kutoa USB. Hiyo ndiyo siri ya kazi nzima. Imetengenezwa kupokea volti 12 mpaka 24 na kutoa 5 zilizotulia, na nyingi bado zinafanya kazi umeme ukishuka hadi volti 7 au 8. Wapo wanaotumia kidude cha miguu mitatu kiitwacho 7805. Nacho kinafaa, ila kinachemka na kupoteza umeme mwingi kama joto, na umeme wenyewe hapa ni wa kuhesabu.

Kama unachukua vifaa kwenye televisheni ya kichogo, acha. Mle ndani kuna kapasita na kioo vinavyoweza kukupiga hata wiki moja baada ya kuchomoa waya. Mwachie fundi redio, au tafuta bodi ya redio ndogo ya betri.

Kuunganisha ni hivi. Chukua dayodi mbili, unganisha ncha zao zenye mstari mweupe. Hapo ndipo chanya itakapotokea. Chukua mbili nyingine, unganisha ncha zisizo na mstari. Hapo ndipo hasi itakapotokea. Sasa zimebaki ncha nne huru: mbili za jozi ya kwanza, mbili za jozi ya pili. Funga ncha moja ya jozi ya kwanza na moja ya jozi ya pili, hapo unaleta waya wa kwanza wa dainamo. Ncha mbili zilizobaki nazo zifunge pamoja, hapo unaleta waya wa pili. Umeme uje kwa njia yoyote utakayo, dayodi zinaufungulia mlango mmoja na kuufungia mwingine, kwa hiyo unatoka kila mara upande ule ule.

Kapasita inakaa kati ya chanya na hasi. Mguu wenye alama ya kutoa unaenda hasi. Ukiugeuza, kapasita italipuka, na si utani. Kazi yake ni kama simtanki: umeme unaingia kwa vishindo, unatoka umetulia.

Mwisho, chaja ya gari. Kile kidoti cha mbele kabisa ni chanya, zile chuma za ubavuni ni hasi. Unganisha kwa risasi kama una pasi ya fundi. Kama huna, sokota waya vizuri na uzungushie tepu, kisha mfuate fundi redio amalizie. Ni kazi ya dakika kumi kwake.

Kosa linalowaumiza hata mafundi ni fremu. Dainamo nyingi zina skrubu moja tu, kwa sababu waya wa pili ni mwili wake wenyewe, yaani fremu nzima ya baiskeli. Hasi inayotoka kwenye dayodi siyo fremu. Ukiiacha iguse chuma cha baiskeli, umefunga njia ya mkato, dayodi zinachemka na chaja haitoi kitu. Weka vyote ndani ya kopo la plastiki, funga, kisha uning'inize.

Kabla ya kuchomeka simu, omba malitimita kwa fundi redio. Zungusha gurudumu polepole, kisha kwa kasi, na upime pale USB inapotoka. Isome karibu na volti 5, si chini ya 4.75 wala juu ya 5.25. Ikiyumba, usichomeke. Na hata ikisoma vizuri, mimi nashauri uchaji pawa benki, siyo simu. Ikiharibika pawa benki ya bei rahisi utasonya, utaendelea na maisha. Ukitoka kwenye mteremko mkali, nyanyua dainamo kwanza iache kugusa tairi.

Inajaza simu kweli?

Inategemea simu gani. Betri ya kitochi ina kama mAh 1000, ambayo ni takriban wati-saa 3.7. Dainamo ikikupa wati 2 hadi 3 baada ya upotevu, unahitaji saa moja na nusu hadi mbili za kukanyaga kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa. Inavumilika. Kutoka Zuzu kwenda mjini na kurudi umeshaimaliza.

Simu janja yenye betri ya mAh 5000 ni habari nyingine. Hiyo ni wati-saa 19 hivi. Kwa dainamo hii utakanyaga saa saba au nane, na upepo wa Dodoma unakupiga kifuani. Ukiona video mtandaoni ya mtu anajaza simu janja kwa dakika kumi za baiskeli, ujue anatafuta watazamaji. Kwa simu janja, hesabu asilimia kumi na kitu kwa saa, zinazotosha kupiga simu na kutuma hela.

Faida ya Foniksi ni ile stendi yake ya nyuma inayonyanyua gurudumu lote. Ya kwetu haina gurudumu la mbele tena, nimekaza uma wake kwenye tofali na waya. Nimehamishia dainamo nyuma, mtu anakaa anakanyaga pale pale kivulini. Wapwa zangu wanapokezana kwa zamu, wanagombana nani amekanyaga zaidi.

Wenzetu walianza hivyo hivyo

Mwaka 2009 wanafunzi wawili wa uhandisi wa umeme wa Chuo Kikuu cha Nairobi, Jeremiah Murimi na Pascal Katana, walitoa chaja ya simu inayotumia dainamo ya baiskeli. Vifaa vingi waliviokota kwenye takataka za elektroniki, na waliiuza kwa shilingi 350 za Kenya.

Hapa kwetu, Bernard Kiwia wa Arusha alikuwa fundi baiskeli kabla hajajulikana kama mbunifu. Kwa vipande vya baiskeli ametengeneza pampu ya maji na chaja ya simu, na baadaye akawa mmoja wa waanzilishi wa karakana ya Twende, ambako watu wanafundishwa kubuni vya kwao badala ya kusubiri vya kununua. Arusha hiyo hiyo ndiko ilikoanza Global Cycle Solutions, kampuni iliyouza mashine ya kupukuchua mahindi inayofungwa kwenye baiskeli.

Na yule kijana wa Malawi, William Kamkwamba, wengi wamemwona kwenye filamu ya mwaka 2019. Alikuwa na miaka 14, ameacha shule kwa kukosa ada baada ya njaa, akajenga mtambo wa upepo kwa fremu ya baiskeli ya baba yake, feni ya trekta na mabomba ya plastiki. Kilichozalisha umeme juu kule kilikuwa dainamo ya baiskeli. Kama hii hii iliyokuwa inaenda kupimwa kwa kilo hapa kwetu.

Spoku na ilimba

Ringi za Foniksi za mtindo wa zamani zina spoku 32 mbele na 40 nyuma. Hesabu zako mwenyewe. Ni chuma chenye mnato, ukikipinda kinarudi, na ndiyo maana kinalia.

Ukigonga ncha ya spoku kwa nyundo mpaka ilale bapa, tayari una jino la ilimba. Wagogo tumekuwa tukitengeneza meno hayo kwa misumari iliyogongwa, njiti za mwavuli na spoku. Igonge ikiwa baridi, usiitie motoni, maana moto unaua ule mnato na jino litalia kama kijiko kwenye sufuria. Ukishalibana kwenye ubao, sauti unairekebisha kwa kulisogeza: likitokeza zaidi sauti inakuwa nzito, likirudishwa ndani inakuwa nyembamba. Robo ya ukucha tu inabadilisha kila kitu, kwa hiyo uwe na subira.

Boksi lake ni la mbao, na lina matundu yaliyofunikwa na utando wa buibui. Ule mvumo unaosikia nyuma ya noti, kama nyuki wako ndani, ni utando huo unaotetema. Wageni hudhani ilimba ni mbovu. Bila huo mvumo ndipo inakuwa mbovu.

Hukwe Zawose, Mgogo wa mkoa huu huu aliyefariki Desemba 2003, aliipeleka ilimba kwenye majukwaa ya dunia na kurekodi na Real World, lebo ya Peter Gabriel wa Uingereza. Mimi sijafika hata robo. Ya kwangu ina meno 15, matatu bado yanapiga kelele yanavyotaka.

Ya watoto

Mpira wa ndani wa tairi hauhitaji maelezo, kila mtoto anajua manati, na kila mwenye keria anajua kamba ya mpira. Goroli na belingi zihifadhi. Belingi nne za kubwa, mbao mbili na kamba ya usukani, una kigari cha kushukia mlima. Watu wazima wasicheke. Kule Goma, mashariki mwa Kongo, chukudu ya mbao, ambayo ukiiangalia haraka utasema ni mchezo wa watoto, inabeba makaa na kabichi na kulisha familia, na tangu 2009 ina sanamu yake kwenye mzunguko wa barabara mjini.

Mradi rahisi kuliko yote ni mota ya deki ya DVD au ya gari la kuchezea. Mota hiyo ukiizungusha inageuka kuwa dainamo, na umeme wake ni wa upande mmoja, hauhitaji dayodi. Kata chupa ya maji kuwa pangaboi, ligundishe kwenye mota, funga kitaa chekundu cha LED, simama nje mwezi wa saba upepo ukivuma. Chekundu kinawaka kwa kama volti 2, cheupe kinataka kama 3, kwa hiyo anza na chekundu. Kisipowaka, geuza miguu yake, LED nayo ina upande wake.

Mpwa wangu wa darasa la tano alipokiwasha mara ya kwanza alikaa kimya kama dakika nzima. Kisha akauliza, "Mjomba, sasa huu umeme umetoka wapi?" Tulikaa tukaifungua ile mota.

Usivyopaswa kugusa

Betri iliyovimba usiitoboe, usiibonyeze, usiichaji "kujaribu". Betri za simu na kompyuta mpakato zina lithiamu, zikitobolewa zinaweza kuwaka moto mkali. Iweke nje kwenye mchanga, mbali na watoto na nyasi.

Na waya wa shaba au chuma ulichokikuta karibu na nguzo kubwa za umeme au reli, kiache hapo hapo. Huo si uokotaji. Ukikutwa nao hutaulizwa kama ulikuwa unatengeneza chaja, na sisi tunaoishi chini ya laini hizo ndio tutakaokaa giza.

Vingine vyote vitie kwenye kopo. Mimi natumia la Blue Band, kubwa, la kilo. Dayodi kwenye kibahasha, skrubu kivyake, belingi zimefungwa na kitambaa chenye mafuta. Jamaa wa vyuma chakavu alipita tena wiki iliyopita. Safari hii hakuja na mizani. Alikuja na redio yake ndogo na waya mkononi, akauliza kama ile baiskeli inaweza kuichezesha. Tuliipandisha kwenye stendi, mama akatoa kiti.